Alama za Kola

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Shangazi ametazama juu akasema, "Haya, tumekwisha." Anasema hivyo kila mwaka. Kwa watu wa dobi mvua ni mgeni anayekuja na magunia yake yote na haulizwi anaondoka lini.

Daftari hili Shangazi alininunulia niorodheshe nguo. Mimi nimelianza kwa nyuma, ili nguo zikae mbele na mimi nikae nyuma. Ndivyo nilivyozoea kukaa. Mtaani wananiita Kimya. Sikulalamika, ndiyo maana wakaendelea.

Jumanne, 4 Machi

Nguo kumi na tisa zimeanikwa ndani. Hakuna hata moja iliyokauka.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumechanganya. Suruali ya Fundi Saa imekwenda kwa Mzee wa Viatu, na Mzee wa Viatu kairudisha mwenyewe, kalowa, kanuna, kwa sababu alishaijaribu na haikufunga tumboni.

Kosa ni la uzi. Kila mteja hapa ana alama yake, inashonwa ndani ya kola au kwenye mkanda wa suruali, isionekane. Shangazi tangu zamani anatumia nyuzi: nyekundu mbili za huyu, kijani moja ya yule. Kiangazi hakuna shida. Lakini mvua ikija nguo inakaa siku tatu na unyevu, na uzi mwekundu unachuja unakuwa wa waridi, na waridi tunayo tayari, ni ya mtu mwingine.

"Sasa tufanyeje?" Shangazi kauliza.

"Tuandike kwenye vitambaa vidogo. Kwa ule wino usiofutika."

"Namba?"

"Maneno. Ya Kiingereza."

Shangazi kaweka pasi chini. "Wewe na Kiingereza mmejuana lini?"

Sikujibu. Nitajibu hapa. Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi. Kila Jumamosi mchana watu wanakutana pale kucheza mchezo wa maneno. Kuna ubao wenye vyumba vyumba, na kete ndogo za mbao zenye herufi. Unachukua kete saba bila kuangalia, unapanga neno la Kiingereza ubaoni, lishikane na maneno ya wenzako. Kila herufi ina pointi zake. Herufi ngumu kama Q na Z ndizo zenye pointi nyingi, kwa hiyo anayeshinda si anayejua maneno mengi, ni anayejua maneno ya ajabu. Mimi ndiye ninayewapelekea vitambaa vya meza. Nasimama mlangoni mpaka nifukuzwe.

Fundi Saa, ambaye kibanda chake kimepakana na chetu, ni mchezaji. Aliniona ninavyokodoa macho, akaniazima kijitabu chake cha maneno ya ajabu. Pembeni ya kila neno ameandika maana kwa Kiswahili, kwa penseli. Huu ni mwezi wa nne ninacho. Niliacha shule darasa la tano. Kwa Kiingereza siwezi kusema hata nina njaa. Lakini najua ZAX ni kifaa cha fundi paa, cha kukatia vigae vya mawe. Najua YEX ni kwikwi. Najua OE ni kimbunga cha visiwa fulani ambavyo sitavifikia.

Nimeshona alama mpaka vidole vinauma, kila mteja na neno lake. Mzee wa Viatu ni AGLET, ile ncha ngumu ya kamba ya kiatu. Fundi Saa ni FUSEE, gurudumu la ndani ya saa lililochongoka kama pia ya kuchezea watoto. Nesi anayekuja na sare nyeupe ni QUOP, kudunda, kama moyo unavyodunda. Kwa ajili ya kazi yake tu. Mwenyekiti wa wacheza maneno ni NONPAREIL, asiye na mfano wake.

Shangazi nimempa VIRAGO, mwanamke mkali wa mdomo. Kaniuliza maana yake, nikasema ni mama mwenye nguvu. Kasema, "Hapo umepatia."

Shati langu mimi ni WHISHT. Nyamaza.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesimama mlangoni karibu saa nzima leo, mvua imenisaidia, hakuna aliyeweza kuniambia niende.

Mwenyekiti alikuwa mkaguzi wa shule, sasa amestaafu. Koti la kijivu, mwavuli mrefu, sauti ya mtu aliyezoea watoto wasimame akiingia. Nyuma ya kiti chake kuna kabati la kioo, na ndani ya kabati kuna kitabu kikubwa cha maneno, chenyewe, kimekaa peke yake. Ufunguo anauning'iniza kiunoni. Lakini sijawahi kuona kabati likifunguliwa. Mtu akiweka neno geni, wenzake hawatazami kitabu, wanamtazama yeye. Akiitikia, pointi zinaandikwa. Akitikisa kichwa, mtu anaokota kete zake. Kumwambia "tuangalie kitabu" ni kama kumwita muongo, kwa hiyo hakuna anayesema. Wanamwita Kitabu Kinachotembea.

Natamani kujua kitu kimoja kama yeye anavyojua vyote.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nguo thelathini na mbili. Chumba kinanuka mbwa aliyelowa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua nyembamba, haishiki wala haiachi. Nimemwambia Shangazi, "Hii kwa Kiingereza ni SMIRR."

"Na sisi si tunayo manyunyu? Au ya kwao inakausha nguo?"

Jumamosi, 15 Machi

Leo nataka kuandika polepole ili nisikosee.

Nesi alikuwa anacheza na Mwenyekiti. Nesi ni mchezaji mzuri, anafikiri huku anajipuliza nywele usoni. Akashusha kete sita: ASKARI.

Mwenyekiti hata miwani hakuvaa. Kasema, "Ondoa."

"Kwa nini, Mwenyekiti?"

"Hilo la mtaani. Tunacheza Kiingereza hapa. Askari si neno, ni mtu wa getini."

Watu wakacheka, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa. Nesi akainua mabega, akaokota kete zake moja moja. Kapoteza zamu.

Na neno lipo. Lipo kwenye kijitabu cha Fundi Saa, ukurasa wa tisa. Waingereza walilichukua, wakaliweka kwao, linakubalika kabisa. Pembeni yake Fundi Saa hakuandika maana. Ameandika: "Hili nalijua." Na Fundi Saa mwenyewe alikuwa amekaa meza ya pili, amesikia yote, anatazama kucha zake.

Baba yangu alikuwa askari. Miaka kumi na saba kwenye geti la ghala, koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Mimi ndiye niliyekuwa namsuguia vile vifungo kwa majivu. Shangazi ni dada yake. Ndiye aliyenichukua Baba alipofariki nikiwa darasa la tano. Watu walikuwa wanapita getini kwa Baba wanasema, "Askari, fungua." Hawakumwita kwa jina. Neno lile ndilo lililokuwa jina lake. Sasa naambiwa si neno.

Ningeweza kusema pale pale mlangoni. Mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni "vitambaa viko mezani."

Jumatatu, 17 Machi

Nimemuuliza Fundi Saa. Hakuinua jicho kutoka kwenye kile kioo chake cha kukuzia.

"Miaka minane iliyopita nilimwambia. Neno hilo hilo. Akasema kitabu changu ni cha njiani, kitabu cha kweli kipo kabatini. Nikamwambia basi tufungue. Akanitazama. Nikaacha."

"Ukaacha tu, kaka?"

"Mdogo wangu, wewe bado hujaijua raha ya kuacha mambo yapite."

Nimerudi nikafumua FUSEE kwenye mashati yake yote mawili. Nimemwekea COOF. Mjinga. Ni neno dogo, halikuchukua uzi mwingi.

Jumatano, 19 Machi

Nguo arobaini na moja. Kamba ya tatu imekatika, mashuka yote chini. Shangazi katukana mvua, kamba, aliyeisuka kamba, na mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeomba kucheza.

Nilijizoeza njia nzima, na njia ni kuvuka barabara tu. Nikaweka vitambaa, nikasimama mbele ya Mwenyekiti. "Shikamoo, mzee. Naomba na mimi nicheze."

"Marahaba. Cheti chako cha kidato cha nne?"

"Sina, mzee."

"Cha darasa la saba?"

"Sina."

"Basi nisemeshe sentensi moja ya Kiingereza. Yoyote. Hata ya salamu."

Ukumbi mzima umenigeukia. Nilikuwa na maneno elfu moja kichwani, na hakuna hata mawili yanayojuana.

"Kijana," kasema, taratibu, kama ananihurumia, "kasuku naye anajua maneno. Hapa hatufui mashuka. Nenda kaangalie pasi isiunguze."

Wamecheka. Fundi Saa hakucheka. Wala hakusema.

Mvua ilikuwa kubwa nikasimama barabarani katikati, sikukimbia. Mchezo wenyewe haumuulizi mtu sentensi. Haumuulizi cheti. Unauliza hivi: neno lipo au halipo? Sheria ndiyo hiyo moja. Hizo nyingine kazitunga yeye.

Jumatatu, 24 Machi

Koti la Mwenyekiti limeletwa kufuliwa. Nimefumua NONPAREIL. Nimetafuta kijitabuni asubuhi yote, Shangazi akidhani nahesabu vifungo, mpaka nikalipata. MUMPSIMUS. Fundi Saa ameandika kwa penseli: mtu anayeonyeshwa kosa lake kwa macho yake, akaling'ang'ania.

Herufi tisa. Nimeziandika kwa wino usiofutika na kushona pande zote nne.

Jumamosi, 29 Machi

Nimepeleka vitambaa. Sikusimama mlangoni.

Alhamisi, 3 Aprili

Nesi kaja kuchukua sare, haijakauka. Mvua imefunga, hawezi kurudi. Akaona kete kwenye meza ya pasi, zile za zamani za Fundi Saa, nyingine zimepauka herufi.

"Unacheza?"

Nikatikisa kichwa.

"Unadanganya. Kaa."

Tumecheza juu ya blanketi la kupigia pasi, Shangazi akinyoosha upande mmoja, sisi upande mwingine. Nikaweka CWM, bonde la mlimani, halina hata irabu moja. Nikaweka ULLAGE, ule upungufu wa pipa lisilojaa. Nesi akawa anajipuliza nywele. Nimemshinda kwa pointi thelathini.

"Wewe! Nani kakufundisha?"

"Kusimama mlangoni, dada."

Akacheka, halafu akageuza kola ya sare yake. "Na hii? Nimeona tangu wiki iliyopita. Kudunda. Nini kinadunda?"

"Ni kwa kazi yako, dada. Mapigo ya moyo. Ya wagonjwa."

"Ya wagonjwa."

"Ndiyo."

"Haya," kasema. Shangazi alikuwa amekaza macho kwenye pasi, lakini mdomo wake ulikuwa unamsaliti.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Ukuta wa nyuma umeota ukungu. Nguo zikikaa zaidi zitaota na zenyewe.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikwenda ukumbini, nilikuwa na homa. Shangazi kapeleka vitambaa. Karudi anasema kulikuwa na kicheko kikubwa na hakuelewa nani anachekwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Sasa naelewa.

Mwenyekiti kaingia na koti mkononi, limegeuzwa ndani nje. Kumbe Jumamosi alilivua, akalitundika kwenye kiti, kola ikageuka. Mzee wa Viatu akaliona lile neno, akalisoma kwa sauti, akauliza maana. Waliokuwa wanaijua ni Fundi Saa na Nesi, na Nesi hajui kunyamaza.

"Nani kaandika uchafu huu?" Sauti ilijaa dobi lote.

Shangazi kasimama. "Mzee, hiyo ni alama tu. Kila mtu anayo. Hata mimi ninayo. Mimi ni mama mwenye nguvu."

Mwenyekiti kageuza kola ya Shangazi bila kuomba, kasoma, katabasamu. "Mama, huyu mtoto kakuandika mwanamke wa kelele."

Shangazi kanigeukia.

Mwenyekiti kasema nina mpaka Jumamosi. Niende ukumbini, mbele ya wote, nipige magoti nimwombe radhi, niseme lile neno lilikuwa la ujinga wa mtu asiyesoma. La sivyo vitambaa vya ukumbi vitahamia kwa dobi mwingine, pamoja na nguo za kila mwanachama. Halafu akaondoka na mwavuli wake, tak, tak, tak.

Shangazi hakunipiga. Angenipiga ingekuwa nafuu. Kakaa kwenye kapu la nguo chafu.

"Mimi ni wa kelele?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Haya. Hilo ni kweli. Na yeye kakukosea nini mpaka umwandike?"

Nikamwambia yote. La cheti, la kasuku. Nikamwambia la askari, kwamba kasema si neno, ni mtu wa getini.

Maji ya pasi ya mvuke yakakauka, pasi ikaanza kunuka, Shangazi hakuigusa.

"Huyo mtu wa getini," kasema, "ndiye aliyenisomesha ushonaji. Kwa mshahara wa getini." Kainuka, kajifuta mikono. "Jumamosi utakwenda. Lakini magoti yako yabaki hapa dukani."

"Na wateja?"

"Mvua hii yote, nani mwingine atawakaushia? Wakavae majani."

Alhamisi, 17 Aprili

Nimefumua VIRAGO. Nimemwekea AEGIS. Kauliza ni nini. Nimemwambia ni ngao.

"Kweli, au kama mara ile?"

"Kweli, Shangazi."

Kaenda kumuuliza Fundi Saa. Karudi anaimba.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimevaa shati safi. Mvua ilikuwa inapiga bati la ukumbi mpaka watu wakawa wanasemezana kwa kupaza sauti. Nilipoingia wakanyamaza, ikabaki mvua. Mwenyekiti kwenye kiti chake, kabati nyuma yake, koti la kijivu begani.

"Sema," kaniambia.

Nimesema. Nayaandika kama yalivyotoka. "Nimekosa kukuandika vibaya kwenye nguo yako, mzee. Nguo ni yako, si yangu. Kwa hilo naomba radhi."

"Magoti."

"Hapana."

"Na neno?"

"Neno sikukosea."

Mwenyekiti kageuka rangi. Alianza kuniita mjinga, na mtoto wa mjinga, na hapo Nesi akasimama.

"Mwenyekiti, kama hajui kitu, si umpige mchezo mmoja tumalize? Akishindwa, magoti. Akishinda, anapata kiti."

"Kiti cha hapa ni cha wasomi."

"Unamwogopa dobi?" Huyo alikuwa Mzee wa Viatu. Nadhani bado ana kinyongo cha ile suruali, ila sijui kwa nani.

Basi tukakaa. Mimi na Mwenyekiti, ubao katikati, watu wamesimama kutuzunguka wanadondosha maji ya miavuli. Yeye anacheza maneno marefu, ya kawaida, mazuri, kama mtu anayetandika kitanda. Mimi naweka mafupi pembeni. YEX. ZAX kwenye chumba cha kuzidisha pointi. Kwa ZAX kaniangalia, nikadhani atatikisa kichwa, lakini lile analijua. Katikati ya mchezo alinizidi pointi kumi na nne.

Nikachukua kete. Nikazigeuza. A, S, K. R nilikuwa nayo. I nilikuwa nayo. A ya pili nilikuwa nayo.

Sikuwaza pointi. Nilitazama zile kete kama ninavyotazama koti la kaki likitoka kwenye maji. Nikaliweka neno ubaoni.

Mwenyekiti kacheka. "Hili nimeshalikataa. Ondoa."

Sikuondoa.

"Kijana. Ondoa kete, umepoteza zamu."

Nimeishi miaka ishirini na mbili. Sidhani kama nimewahi kusema maneno mawili kwa sauti ile, hata mvua ikasikia.

"Fungua kitabu."

"Nini?"

"Fungua kitabu, mzee. Kiko nyuma yako."

"Kitabu ni mimi!" Kapiga meza, kete zikaruka.

Hakuna aliyecheka. Nikawaona wanatazamana, watu wazima, wenye vyeti, wameokota kete zao mbele ya mtu huyu miaka yote hii. Nesi kasema, "Na mimi nataka kuona." Mzee wa Viatu kasema, "Na mimi." Halafu sauti nyingine, nyingine.

Mwenyekiti kachomoa ufunguo kiunoni, kautia kwenye kabati, kwa kiburi, kama anatufanyia hisani. Haukuzunguka. Kausukuma. Kauvuta. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, kutu nyekundu iliyochuruzika mpaka kwenye mbao. Sijui ni mvua ya mwaka huu au ni za miaka minane.

"Basi," kasema, na nikamwona amefarijika. "Halifunguki. Mambo yamekwisha."

Fundi Saa kapita katikati ya watu. Kapiga goti mbele ya kabati, katoa ile bisibisi yake nyembamba kama sindano, na kichupa cha mafuta ya saa. Tone moja. Katega sikio kwenye kufuli kama anasikiliza saa ya mtu. Nusu dakika hivi. Likasema klik.

Kitabu kilinuka kama chumba chetu cha kuanikia. Kurasa zilikuwa zimeshikana, Nesi ndiye aliyezibandua moja moja, kwa vidole vyake vya kubandua bandeji. Kafika. Kaweka kidole. Hakusoma. Kamgeuzia Mwenyekiti kitabu kizima.

Kavaa miwani. Kasoma. Kavua miwani, kaifuta, kavaa, kasoma tena. Tulikuwa tunasubiri. Mimi, naapa, wakati ule nilikuwa nimeshamsamehe. Angesema tu "lipo," ningefumua ile alama usiku ule ule.

Kainua kichwa. Kasema, "Kitabu kimekosea."

Mvua tu juu ya bati. Halafu Fundi Saa, bado amepiga goti, kasema polepole:

"Mwenyekiti, koti lako limeshasema."

Ukumbi ulipasuka. Mzee wa Viatu alishikwa na kwikwi, YEX ya kweli kweli. Mwenyekiti kachukua mwavuli, kavaa koti, kapita katikati yetu, nje. Mchezo haukuisha. Karatasi ya pointi imeniacha mbele kwa moja.

Nesi kavuta kile kiti nilichokiacha nilipoinuka kutazama kitabu, kakipangusa maji, kasema, "Kaa."

Nikasema, "Nimekaa," nikiwa bado nimesimama. Wakacheka tena, lakini cheko hili lilikuwa langu pia.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimefumua COOF. Fundi Saa amerudi kuwa FUSEE. Amekuja kuchukua mashati, kageuza kola, kaona matundu ya sindano ya alama mbili moja juu ya nyingine. Kaniuliza katikati hapo aliitwa nani.

"Ni siri ya dobi, kaka."

"Nilistahili?"

"Mwezi mmoja tu."

Jumamosi, 26 Aprili

Nimecheza mechi tatu. Nimeshindwa mbili. Kabati liko wazi, kitabu kiko mezani, kimewekewa kitambaa chetu. Mwenyekiti hakuja.

Alhamisi, 1 Mei

Jua dakika ishirini. Shangazi katoka mbio na mashuka yote, majirani wakadhani tunahama.

Jumatatu, 5 Mei

Jua. Jua lenyewe. Kamba zote ziko nje, barabara nzima ni nguo.

Asubuhi nimevua shati, nimefumua WHISHT. Kitambaa kipya, wino, pande nne. ASKARI. Shangazi kauliza hilo nalo ni nini, maana kusoma hajui. Nikamsomea. Kalishika shati akaliweka shavuni, mikono yake ikiwa bado na mapovu. Kasema, "Kashikize vifungo vizuri, basi. Yeye hakuacha kifungo wazi."

Saa tano Mwenyekiti kaja. Nyuma yake kulikuwa na watu watano wanasubiri na vifurushi. Kaweka koti la kijivu juu ya meza. Ndani ya kola pana tundu la mraba. Kakata ile alama kwa wembe, na kitambaa cha koti kaenda nacho. Hakunitazama.

"Lifuliwe. Na hapo pazibwe."

"Sawa, mzee. Nikuandike nani?"

"Namba."

"Hapa hatuna namba."

Shangazi alikuwa nyuma yangu, nilimsikia ameacha kupiga pasi.

"Andika lolote," kasema.

"Silijui la kukufaa, mzee. Mara mbili nimechagua mimi. Mara hii chagua mwenyewe."

Nikamsogezea kijitabu cha Fundi Saa. Kakaa hivyo, mikono juu ya mwavuli, na ile foleni nyuma yake ikaanza kukohoa. Nikadhani ataondoka. Nilikuwa tayari aondoke. Sikuinamisha macho.

Katoa miwani. Kafungua kitabu.